Kabla ya Kuzitoa Upya Kanda Zile, Muulizeni Mwenye Sauti



Siku hizi nyimbo za zamani zimerudi. Kanda za taarab za vikundi vya kina mama, zile zilizopigwa kila harusi mpaka mkanda ukakatika ukaungwa, sasa zinasafishwa sauti na kutolewa upya, nyengine kwenye CD, nyengine mtandaoni. Biharusi anataka nyimbo alizoolewa nazo mama yake. Namfahamu, kwani na mimi nazipenda.

Lakini nina neno.

Mama yangu mdogo alikuwa mwimbaji wa kikundi kimoja cha kina mama. Mwaka jana alinipigia simu analia. Alikuwa kwenye harusi, akaisikia sauti yake inatoka kwenye spika mbele ya wanawake na wanaume. Wimbo ule aliuimba akiwa msichana, milango imefungwa, wanawake watupu, shoga yake mmoja kaweka redio kaseti mbele ya jukwaa. Sasa ni bi mkubwa, kesha kuhiji, na kuimba kaacha zamani. Aliyeitoa upya kanda hakumuuliza, hakumlipa, wala jina lake hakulitaja.

"Mwanangu," aliniambia, "hiyo pesa nitasamehe. Lakini hawa wamenivua ukaya."

Siandiki kuamua halali na haramu ya taarab. Masheikhe wetu wamelizungumza hilo na wanaendelea. Naandika juu ya haki ya mtu.

Wapo watakaosema kanda zinaoza, zisipotolewa upya urithi utapotea. Ni kweli. Tumtazame Siti binti Saad, mtoto wa Fumba. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi santuri. Alifariki 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Lakini kitabu hakina sauti. Leo tunamsikia kwa sababu wapo waliozitafuta santuri zile zenye mikwaruzo wakazitoa upya. Mimi nawashukuru.

Ila Siti alipanda meli akijua anakwenda kurekodi, na kwamba santuri zitauzwa na kusikilizwa na kila mtu. Mama yangu mdogo aliwaimbia wenzake ndani ya kuta nne. Hizi ni ruhusa mbili tofauti. Anayekuruhusu kumsikiliza ukumbini hajakuruhusu kumpeleka sokoni.

Kwa hiyo anayetaka kutoa upya kanda za kikundi chochote, nadhani anadaiwa mambo matatu.

La kwanza ni ruhusa. Visiwa vyetu si vikubwa. Ukiuliza mtaa mmoja utaelekezwa nyumba ya mwimbaji au ya watoto wake.

La pili ni malipo. Sheria ya hakimiliki tunayo Zanzibar tangu 2003, na kabla ya sheria hiyo dini yetu imetuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Jasho la wale kina mama limekauka miaka mingi.

La tatu ni jina. Kuandika jina la kikundi peke yake hakutoshi. Aliyetunga atajwe, aliyeimba atajwe, isipokuwa mwenyewe akitaka asitajwe.

Na akikataa je? Basi akubaliwe. Kuhifadhi ni jambo moja, kusambaza ni jengine. Nakala safi ipelekwe kwa familia, iwekwe pahala isipooza, ingoje. Anaweza kubadili rai yake, na asipobadili, sauti ni yake. Tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na sauti ya mwanamke aliyotuamini nayo ni amana.

Sasa nyinyi mabiharusi. Msidhani haya yanawahusu wafanyabiashara tu, maana wao wanauza kwa sababu sisi tunanunua. Unapompa mpiga muziki orodha yako, muulize kanda kaipata wapi. Kama mwimbaji yu hai, tuma mtu akamuulize, na mualike. Zamani mwimbaji alitunzwa, mtu anacheza mpaka mbele na noti yake anamtilia mkononi. Leo wimbo ni ule ule, lakini noti inaishia kwa mwenye spika.

Alipoolewa binti wa dada yangu, tulimuuliza mama mdogo kwanza. Alitukubalia nyimbo mbili, zipigwe siku ya kina mama tu, simu zikusanywe mlangoni. Alikaa mbele na buibui lake, na biharusi mwenyewe akainuka kwenda kumtunza. Aliyeitoa kanda ile hajatujibu mpaka leo, nasi hatujaacha kumdai.

Wabillahi tawfiq.