MTOTO HUYU NI WA NANI?



Kila mwaka, masomo yakikaribia kufunguliwa mwezi wa tisa, neno lile lile linarudi katika Likasi. Baba mmoja wa Kikula anamshika mtoto wake mkono, anampeleka kwa nduguye mwenye kazi kampuni, anamwambia: «Umwandikishe kwa jina lako.» Tangu siku hiyo mtoto ana baba wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kitabu. Mwalimu akimwuliza anakaa wapi, anataja namba ya nyumba ya kambini ambamo hajalala hata usiku mmoja. Jibu hilo alifundishwa kabla ya kufundishwa a, e, i, o, u.

Watu wanalisema jambo hili chini chini. Wakubwa wakilisema, wanaliita wizi, basi. Sisi tunataka kulisema waziwazi.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyoanza. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na miaka ya kwanza ilichukua wanaume peke yao, watu wa kuja na kurudi. Karibu na mwaka 1928 ikaona kwamba mtumishi anayeondoka kila mara ni hasara, ikamwambia: lete mke wako, kaa. Hapo kambi ikapata nyumba, posho ya mke na ya watoto, hospitali, na masomo chini ya Mapadri na Masista. Kila kitu kilipita kwa kitabu. Aliyeandikwa alikula, alitibiwa, alisoma. Fundi wa cherehani na muuza makaa wa mjini hawakuwa na kitabu hicho, hata kama watoto wao walicheza mpira pamoja na wale wa kambi.

Na kitabu kilihesabu jamaa kwa desturi ya Bulaya: mume, mke mmoja, na watoto waliozaliwa nao. Sisi hatuhesabu hivyo. Mtoto wa kaka yangu ananiita baba. Kwa Wabemba na Walamba, mjomba ndiye mwenye neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Basi kalani alipouliza, «Huyu ni mtoto wako?», mtumishi akajibu «Ndiyo, Bwana,» na katika lugha ya mama yake hakusema uongo. Kalani naye aliandika alichosikia. (Makalani wengi walikuwa na wapwa wao pia, tusiwasahau.)

Lakini tusijidanganye. Kumlea mtoto wa ndugu ni heshima. Kufuta jina la baba yake katika karatasi ni jambo lingine. Tangu mwaka 1967 nchi yetu ina mtihani wa Serikali, na diploma inafuata jina lililoandikwa masomoni. Kijana anasoma miaka kumi na miwili kwa jina la mjomba, anashinda, wote wanafurahi. Siku baba yake anapokufa, mji unajua ni mtoto wake, karatasi inakataa. Na mjomba akifa, mjane anakutana na watoto wa kitabu ambao hakuwazaa, nao wanahesabiwa pamoja na wake. Tunajua nyumba zilizovunjika kwa sababu hiyo.

Halafu dunia ikageuka. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya Serikali, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mishahara ikaanza kuchelewa, na mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Mtu aliyekuwa akiazima wengine jina lake akajikuta nje ya kitabu, yeye na watoto wake, akitafuta naye jina la kuazima. Hatucheki. Ila wale waliokuwa wakiwaita watu wa mji wezi wa masomo, sasa wanajua njia ya kwenda kwa ndugu usiku.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ni bure. Kuanza kuitimiza kulingoja mwaka 2019. Mlango ulipofunguliwa watoto waliingia kwa wingi, mabenchi yakawa yale yale. Kwa hiyo kuazima jina hakujaisha. Wengine wanatafuta masomo yenye nafasi, wengine anwani ya shangazi Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa, mtoto akae mbali na mama yake kwa sababu ya benchi!

Kwa hiyo hatutaki polisi wa kuhesabu watoto malangoni. Tunataka mabenchi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaidai kila kampuni inayochimba itoe 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoguswa na kazi yake. Mtoto wa Panda anayevuta moshi wa viwanda ameguswa, hata kama baba yake anauza makaa. Wakuu wa komine waulize fedha hiyo imejenga madarasa mangapi, na mtoto wa jirani aingie humo kwa jina la baba yake mwenyewe.

Na ninyi wazazi: mtoto akizaliwa, mmwandikishe komine ndani ya siku 90, msingoje masomo. Aliyekwisha kumwandikisha mtoto kwa jina la mwingine aende kwa mkuu wa shule sasa, mtoto asijafika darasa la sita. Mwisho wa darasa hilo kuna mtihani, jina linaingia katika cheti, na kulitoa humo ni kazi ya mahakama.