Dawa zisiishie Ziwa Mweru

Mgonjwa wa malaria wilayani Nchelenge anapopona, dawa aliyomeza haijaisha yote. Sehemu yake hutoka na mkojo, huingia chooni, na kutoka hapo huweza kufika kisimani au ziwani. Malaria hapa ni ya mwaka mzima, na dawa nazo ni za mwaka mzima. Septrini na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi humezwa kila siku.

Hofu hii haikubuniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu eneo la Chunga, Lusaka, ulikuta viuavijasumu na dawa za kufubaza virusi katika maji taka na mtoni. Viuavijasumu vinapobaki majini, vijidudu huvizoea, na siku moja dawa hushindwa kumponya mtoto.

Klorini huokoa maisha wakati wa kipindupindu, lakini haitoshi kuondoa mabaki hayo. Mkaa amilifu huyanasa. Huu si mkaa wa jikoni. Hupitishwa katika joto kali pamoja na mvuke au kemikali hadi ujae vitundu vidogo mno, na gramu 1 tu huwa na eneo linalozidi mita za mraba 500. Uswisi, kwa sheria iliyoanza mwaka 2016, inaweka mkaa huo au ozoni katika mitambo yake mikubwa ya maji taka. Maabara zimeonyesha kuwa hata maganda ya mihogo, zao linalolisha Luapula, huweza kuutengeneza.

Hata hivyo, mkaa hushiba na ukishiba lazima ubadilishwe. Kuugawa nyumba kwa nyumba bila mpango huo ni kuwapa wananchi matumaini hewa. Wala hakuna awezaye kuchuja ziwa zima. Mahali pake pa kwanza ni kwenye maji taka ya hospitali, yakishaondolewa uchafu mzito na kabla hayajaachiwa.

Zambia haiwezi kufanya kazi hii peke yake. Wakazi wa Kilwa na Pweto, upande wa Kongo, wanaishi kwa ziwa hilohilo, na mto Luvua huyapeleka maji yake mbali zaidi. Nchi hizo mbili zinakutana SADC na COMESA, hivyo meza ya mazungumzo ipo. Zianze kwa kupima maji ya Mweru kwa pamoja, na kuwawekea wananchi mahali pa kurudisha dawa zilizobaki.

Maji yakimwagika hayazoleki. Dawa izuiwe mlangoni, kabla haijafika ziwani.