Usimtumie desa, soma naye kitabu

Leo nina ugomvi na ninyi wasomaji wangu wa mjini, na mshtakiwa namba moja ni mimi mwenyewe.

Kila Juni na Desemba shule zikifungwa, simu zetu zinaanza kulia. "Shikamoo kaka. Tumepewa kazi ya likizo, tusome vitabu vitatu tujibu maswali. Naomba uchambuzi." Nasi tunafanyaje? Tunaingia mtandaoni, tunapakua desa la kurasa nne, tunarusha WhatsApp, halafu tunajisifu kwamba tumemsaidia mdogo wetu. Dakika mbili tu, hata bando halijashtuka.

Nasema hivi: HUO SI MSAADA.

Desemba 2024 aliyeniandikia alikuwa binti wa baba yangu mdogo, kidato cha tatu, huko kwetu Itiryo, Tarime. Kitabu chenyewe kilikuwa Unanswered Cries cha Osman Conteh, riwaya ambayo imekaa miaka mingi kwenye orodha ya Kiingereza ya kidato cha tatu na cha nne. Nikamtumia kurasa zangu nne: wahusika, dhamira, mafunzo. Akajibu "asante sana kaka". Nikasahau.

Wiki ya Krismasi nikapanda basi kwenda nyumbani. Nikamkuta ananakili zile kurasa nne kwenye daftari, neno kwa neno, pamoja na makosa ya uchapaji. Bibi alikuwa pembeni anachambua maharage. Akauliza hicho kinachoandikwa kinahusu nini. Mdogo wangu akamweleza kwa Kikurya: kuna binti wa Sierra Leone anaitwa Olabisi, ana miaka 14, mama yake anataka akeketwe, baba yake hataki, kesi ikafika mahakamani.

Bibi akaacha maharage. "Enhee, ikawaje?"

Mdogo wangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Nilifaulu mtihani wa kidato cha nne kwa kukitaja kitabu hicho hicho, na SIJAWAHI KUKISOMA. Dhamira sita nilikuwa nazijua kwa kichwa. Ikawaje, sikujua.

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu Desemba kwetu si mwezi wa likizo tu. Ndio msimu wa ukeketaji, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kituo cha Masanga kule Tarime na nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, vimepokea wasichana waliokimbia kwao msimu huo. Na 2024 inagawanyika kwa mbili. Shangazi mmoja alishaanza kuuliza, "Na huyu je, lini?"

Sasa hebu fikiria. Katika orodha yote ya shule kuna kitabu kimoja kinachoizungumzia likizo ya binti huyu, na kimemfikia mwezi ule ule. Sisi kaka zake wasomi tukamtumia kikiwa kimeshachunwa na kukaushwa: dhamira, mila potofu, funzo, tuziache. Tumempa jibu kabla hajapata nafasi ya kuuliza swali.

Najua mtakachosema. "Mtihani unataka hoja, hautaki hadithi." Kweli, maswali mengi ni yale yale: chagua riwaya mbili, toa hoja tatu kutoka kila kitabu. Lakini anayeijua hadithi hoja atazitoa mwenyewe, hata swali likigeuzwa. Aliyekariri sita anaombea swali lisigeuzwe.

"Vitabu hakuna." Kweli pia, nakala moja inapita mikono mingi. Ila hela ya kitabu kimoja tunaimaliza kwa kikao kimoja cha nyama choma, na hatulalamiki.

"Kiingereza kinamshinda." Hapo ndipo penyewe! Miaka saba ya msingi amesoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza lugha ikageuzwa. Ndiyo maana anahitaji MTU wa kukaa naye. Desa nalo limeandikwa kwa Kiingereza kile kile.

Basi tukaazima nakala kwa mwanafunzi mwenzake, haina hata jalada. Nikamwomba mama mdogo ampunguzie zamu ya maji, na madumu nikabeba mimi. Kijiji kizima kilicheka. Usiku baada ya vyombo anasoma sura moja kwa sauti, tunafungua kamusi, kisha anamsimulia bibi kwa Kikurya. Bibi hakuokoka. Usiku mmoja anamtetea mama wa Olabisi, usiku wa pili anamgombeza. Lakini jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulijadili mbele ya msichana lilijadiliwa, na msichana mwenyewe ndiye alikuwa msemaji.

Sitawadanganya. Kitabu hakizuii kisu. Baba mdogo ndiye aliyesema hapana, na akaisimamia. Ila mara ya mwisho shangazi alipouliza "lini", mdogo wangu hakuinamisha kichwa kama zamani. Alijibu mwenyewe. Januari akarudi shule salama, na majibu ya likizo aliyoyaandika kwa mkono wake. Moja linapingana kabisa na desa langu. Nililisoma mara mbili. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kwa hiyo Desemba hii, ndugu yangu, ukienda nyumbani na sukari na kanga, weka na kitabu kwenye begi. Kaa naye mpaka sura ya mwisho.

Na usiniulize mimi kesi ya Olabisi ikawaje. Kasome.