Maji ya Tanganyika na Lugha ya Vipimo

Wapo wanaodai kwamba Ziwa Tanganyika haliwezi kuchafuka. Kina cha mita 1,470, wanauliza, kitadhuriwa na nini? Hoja hiyo imekwenda kichwa chini. Maji ya ziwa hili yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Kiingiacho humo, kiwe mafuta, zebaki ya wachimba dhahabu au kitu chenye mionzi, chaweza kukaa vizazi na vizazi. Wingi wa maji huificha sumu, hauiondoi.

Juni 12, 2003, jijini Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa kwa pamoja na kupeana taarifa zake. Mamlaka ya Ziwa ikapewa makao Bujumbura. Vyema. Lakini taarifa hizo huandikwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali Ujiji, Uvira, Kalemie na hata mtaa wa Buyenzi, humo humo Bujumbura, husalimiana kwa Kiswahili tangu zama za misafara.

Tanzania ilipositisha uvuvi ziwani, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mvuvi wa Kibirizi aliambiwa kwa Kiswahili fasaha akunje nyavu. Amri hupata mfasiri upesi! Vipimo vya maji anayokunywa na dagaa anaowaanika mkewe havimpati. Ubao mmoja mwaloni Katonga, na mwenziwe Kalemie, wenye tarakimu zile zile kwa lugha ile ile: ni gharama gani hiyo iliyowashinda wakubwa wa nchi nne?