Umevurugwa na Nini, Mwanangu?



Ndugu zangu katika imani, wazee wengi wanakerwa na maneno ya vijana. Kijana akiulizwa hali anajibu "nimevurugwa", mwenzake anasema "stimu zimekata". Mzee anatikisa kichwa: Kiswahili kimeharibika! Mimi nasema tusifanye haraka kukemea.

Kuipa jina hali ya moyo si jambo geni katika dini yetu. Mwaka wa 10 wa utume, Mtume (S.A.W.) alifiwa na mkewe Bi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib. Mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Na katika dua iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari, Mtume anaomba kinga dhidi ya hamm na hazan. Sisi tungesema "huzuni" tukamaliza. Wanazuoni wakafafanua: hamm ni dhiki ya jambo linalokuja, hazan ni uchungu wa lililopita. Na hiyo hamm ndiyo "hamu" yetu, ila kwetu imegeuka kuwa shauku. Maneno kubadilika hayakuanza na vijana wa leo.

Sasa tazama "kausha damu". Ni mzaha, lakini mikopo ile imepewa jina linaloeleza kila kitu: mtu anakopa ili alipe mkopo, simu ikiita anashtuka, usiku halali. Katika dua ile ile Mtume ametaja pia uzito wa deni.

Mwanamume wa kwetu hakufundishwa kusema "naogopa". Atasema "nimevurugwa" huku anacheka. Mzaha huo ndio mlango wake. Ukicheka naye ukapita, umeufunga. Ukimuuliza, "Umevurugwa na nini, mwanangu?", utasikia deni, utasikia ndoa, utasikia hajala tangu jana.

Lakini yapo maneno ya mzaha yanayofunika. "Mchepuko" ni mojawapo. Zinaa imepewa jina la njia ya pembeni, kana kwamba mtu alikwepa foleni tu! Mke anaumia nyumbani, mtaa unacheka. Na mgonjwa wa akili tunamwita "chizi", ilhali Suratul Hujurat imetukataza kuitana kwa majina mabaya.

Basi mizani ni hii: neno linalomsaidia mtu kusema ukweli wa moyo wake, lipokee hata kama ni la kijiweni. Neno linalomsaidia kuukimbia ukweli huo, likatae hata kama linachekesha.

Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na malalamiko yake akayapeleka kwa Mola wake. Kulia hakukumpunguzia utume.

Ijumaa hii baada ya swala, usiharakie viatu. Muulize kijana mmoja hali yake, kisha msubiri ajibu mara ya pili.

Allah (S.W.T.) atuondolee dhiki za nyoyo na atulipie madeni yetu. Aamiin.

Wallahu a'lam.