Umepita Bayolojia? Kuna kazi hujaambiwa

Ukipata A ya Bayolojia kwenye KCSE, kila mtu nyumbani anaanza kukuita daktari. Hakuna anayekutajia kazi ya mshauri nasaha wa jeni.

Wacha nikueleze. Saratani nyingi hazirithiwi. Lakini kati ya visa 100 vya saratani ya matiti, takriban 5 hadi 10 hutokana na hitilafu ya kurithi, kwa mfano kwenye jeni ya BRCA1 au BRCA2. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Na si mama peke yake. Baba pia huipitisha, hata kama hajawahi kuugua.

Sasa fikiria familia iliyozika mashangazi wawili, na bado watu wananong'ona ati ni laana. Mshauri huyu huketi nao, huchora ukoo wao, huwaeleza kipimo kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini, kisha huwaachia uamuzi.

Shida iko wapi? Utafiti mwingi wa jeni umefanyiwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika akipimwa, wakati mwingine huambiwa kuna badiliko kwenye jeni yake, ila maana yake haijulikani. Nani ataijua tusipojichunguza wenyewe?

Marekani ilianza kufunza shahada ya uzamili ya fani hii mwaka wa 1969. Afrika Kusini pia inafunza. Wewe uliye chuoni, muulize mhadhiri wako: sisi tunangoja nini?