Tumbusi ni Mtumishi wa Umma

Tumbusi si ndege anayesifiwa. Shingo yake haina manyoya, chakula chake ni mzoga, na wengi wakimwona hugeuza uso. Hata hivyo, utumishi ungepimwa kwa kazi na si kwa sura, ndege huyo angestahili heshima kubwa. Husafisha mbuga na malisho, wala hadai mshahara au posho ya safari.

Tumbusi wa Rüppell hutaga mayai katika magenge ya milima, kisha huondoka na hewa ya joto kutafuta mzoga mbali. Mwaka 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, katika kimo kinachozidi meta 11,000, karibu mara mbili ya kimo cha Kilimanjaro. Kundi lao likitua humaliza mzoga kabla haujaoza, na asidi ya matumbo yao huua vijidudu vingi vya maradhi.

Uhindi ilijifunza kwa gharama. Katika miaka ya 1990 tumbusi walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya diklofenaki. Mizoga ikabaki, mbwa wa kuzurura wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikazidi. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006, baada ya hasara kutokea.

Katika Afrika Mashariki adui ni sumu. Fisi akiua ndama, mfugaji mwenye hasira hutia dawa ya wadudu katika mzoga. Hufa fisi mmoja, na tumbusi kundi zima. Kwa kuwa tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, pengo hilo halizibiki upesi. Tangu mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell amehesabiwa miongoni mwa ndege walio ukingoni mwa kutoweka duniani.

Wananchi wa Bukoba na Muleba hawahitaji kuhubiriwa juu ya sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, na wavuvi waaminifu wakaumia pamoja na wakosaji. Leo Muleba inagusana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Mifugo na wanyama pori ni majirani, na kishawishi cha sumu kipo.

Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ana haki ya kulalamika. Kumkemea tu hakutoshi. Afisa mifugo amfundishe kujenga boma imara. Afisa wanyama pori afike anapoitwa. Na kifuta machozi kilichowekwa na kanuni za mwaka 2011 kisikawie katika mafaili. Mwalimu naye awafundishe watoto kwamba mzoga uliotiwa sumu hauchagui wa kumwua.

Mwaka 1961, katika Tamko la Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba wanyama pori watatunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi hiyo haikuwahusu simba na tembo peke yao. Ilimhusu na tumbusi.